Feni Kubwa Kuliko Jiko

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai kule Ileje, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nami nimelala na mtoto wangu wa kwanza kifuani. Alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, na manesi walituruhusu kurudi nyumbani kwa sharti moja tu, asipigwe na baridi. Wewe wa Tunduma unadhani unaijua baridi. Ya milimani kwetu inaingia hadi chini ya blanketi na kujinyoosha humo.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu asiyejua kukaa bure. Nyuma ya ukuta wa chumba alijenga jiko la makaa ya mawe, pipa la chuma ndani ya kijumba cha matofali. Moshi ulipanda kwa bomba lake, na feni ilisukuma hewa safi ipite kando ya pipa, ije kwetu kupitia tundu la ukutani. Feni ya kwanza aliitoa kwenye gari bovu. Ilikuwa dhaifu, pipa likawa jekundu, matofali yakapasuka, na sisi chumbani tukapata joto kidogo tu, la kuombea. Ndipo akaenda Tunduma, akarudi na feni ya mashine ya kupepetea mahindi, ameibeba begani huku anacheka peke yake.

Alipoiwasha, pazia liliruka mpaka darini. Nilikuwa kwenye ule usingizi wa mzazi, nusu nipo nusu sipo, nikaona kama nyumba nzima imepaa juu ya mibuni ya jirani inaelekea Zambia. Nilifurahi, nakuambia. Nikajisemea, mume ninaye. Kisha nikashika miguu ya mtoto. Ilikuwa ya baridi, na midomo yake imeanza kubadilika rangi. Nilimwita mama mkwe kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Akaja, akamtia mtoto ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi, halafu akaweka mkono kwenye tundu. Mume wangu akauliza kutoka nje kama aongeze makaa.

"Makaa yanatosha," mama yake akamjibu. "Huu upepo wako unapita mbio, haujapata joto umeshafika. Uache ukae kidogo na moto."

Akampelekea mfuniko wa sufuria, akamwambia azibe nusu ya mahali feni inapovutia hewa. Pazia likatulia. Hewa ikaanza kuja taratibu, ya uvuguvugu, kisha ya moto kweli, na mtoto akalia kudai maziwa. Nami nililia, siwezi kukuficha. Baadaye mume wangu alitafuta feni ya kati inayolingana na jiko lake, akalirudisha lile dude.

Mwanangu, nakuona unavyohangaika, simu sikioni, ahadi kwa kila mtu, ukifika nyumbani huna hata neno la kumpa mkeo. Pima kasi yako kwa moto ulio nao. Kaa kwanza na kile kinachokupa joto, sala yako na watu wako, ndipo utoke kuwagawia wengine. Wala usijizuie mpaka ukaungua peke yako ndani, maana hilo nalo tuliliona kwa ile feni ya kwanza. Toa kadiri unavyowaka.

Mungu akujalie nyumba ambayo mgeni akiingia atavua koti lake bila kuambiwa.