Taa Ambayo Sikuiwasha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya kiangazi, asubuhi yenye ule upepo wetu wa Ufipa unaopenya hadi kwenye mifupa, na mimi nilikuwa na kinyongo tangu nilipoamka. Jambo la siku hiyo nimekaa nalo miaka mingi. Nisingelisema hata leo kama juzi usingerudi kutoka Laela ukanisimulia kwamba umempita dereva wa lori naye akakuwashia taa, eti amechukia kupitwa. "Mzee, jamaa kapaniki," ulisema, ukacheka. Mimi sikucheka, nawe ukadhani ni uzee. Kaa basi nikwambie kwa nini aliwasha.

Udereva nilifundishwa kwenye malori ya ushirika, na mzee mmoja aliyeitwa Gervas. Tulikuwa wawili, mimi na Ladislaus, mzaliwa wa Mollo. Tulianza pamoja kama utingo, tukilala juu ya magunia ya mahindi na kula sahani moja. Barabara ya Tunduma ilikuwa vumbi tupu wakati huo. Mzee Gervas hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kuna jambo alilirudia mpaka tukamchoka. Lori lenye tela ni refu, alisema, na ukilipita gari jingine kwenye vumbi, kioo cha pembeni hakikuonyeshi kitu. Hujui kama mkia wako umeshalivuka gari la mwenzako au bado. Anayeona ni yule aliyepitwa. Yeye anawasha taa mara moja, mwanga unapenya vumbi, na aliye mbele anajua amemaliza, arudi kushoto.

"Ukipitwa, kazi yako haijaisha," alikuwa akituambia. "Mwenzako yuko upande wa kifo mpaka umrudishe."

Kisha zikaja siku za soko huria. Ushirika ukafa polepole, malori yake mengine yakasimamishwa juu ya mawe, mengine yakauzwa. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua mahindi wenyewe, na pale mtaani Majengo kila mwenye duka akataka lori. Mzee Gervas akarudi kijijini kulima maharage. Mimi nikaajiriwa na tajiri aliyenunua lori kuukuu la ushirika, na Ladislaus akapata tajiri mwenye lori jipya na tela lake. Sikufichi, iliniuma. Nilijiambia kwamba udereva nilimzidi, lakini watu wa Majengo walilisifu gari lake, langu wakilicheka kwa moshi. Tena aliyefika kwanza kijijini ndiye aliyepata mahindi, wa pili akaokota masalia. Wiki hiyo Ladislaus alikuwa amenitangulia mara mbili, na tajiri wangu aliniuliza mbele ya watu kama lori naliendesha au nalisukuma.

Asubuhi hiyo sote wawili tulikuwa tunakwenda Mpui kuchukua mahindi. Nilikuwa nimeondoka mapema makusudi ili nimuwahi, na hata nusu ya safari sikufika, nikasikia honi yake nyuma. Alipolingana nami aliinamia dirisha la upande wangu, meno yote nje, akaniamkia, "Shikamoo babu," kwa jinsi nilivyokuwa natambaa. Ulikuwa utani wetu wa siku zote. Siku nyingine ningemrudishia tusi la kirafiki, tukacheka mpaka Mpui. Siku hiyo nilikaza macho mbele. Kichwa cha lori kikapita, tela likafuata, vumbi likanifunika, nami nikauona mkia wake umenivuka vizuri kabisa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya taa kwa mazoea. Nikauondoa. Nilisema moyoni, lori jipya hilo, litafute njia lenyewe.

Ladislaus hakurudi kushoto. Aliwasha indiketa ya kushoto, akaiacha ikiwaka na kuzima, akiniuliza. Nikanyamaza. Alikuwa akiogopa kunikata kwa tela, mwanangu, na hilo ndilo linalonimaliza mpaka leo. Alibaki upande wa kulia kwa ajili yangu. Mbele kulikuwa na mwinuko mdogo, na juu yake ukatokea mkokoteni wa ng'ombe, mtu na mkewe wamekaa juu ya magunia ya ulezi. Hapo ndipo nilipowasha. Niliwasha na kuzima, niliwasha na kuzima, na sijui kama aliiona hata moja. Kushoto aliamini nipo mimi. Akakata kulia, akaingia korongoni, na tela likaja juu ya kichwa cha lori.

Wale wa mkokoteni walipona. Ladislaus nilimkuta amebanwa na usukani, uso mweupe kwa vumbi. Aliniuliza neno moja tu.

"Nimekugusa?"

Nikamwambia hapana, hujanigusa. Akafumba macho, ametulia, kama aliyeondolewa wasiwasi. Hospitali hatukumfikisha.

Askari waliponiuliza, nikasema vumbi. Tajiri wake naye nikamwambia vumbi. Hata Skolastika, mke wa Ladislaus, akiwa na mtoto mgongoni na macho yamevimba, nilimtazama usoni nikasema vumbi. Wote walikubali, kwa sababu ile barabara waliijua. Mzee Gervas alifika msibani Mollo siku ya pili, kwa miguu kutoka kijijini kwake. Alikaa kidogo na wanaume, kisha akaniita tukasimame kando, kwenye matuta ya maharage nyuma ya nyumba. Hata salamu hakunipa.

"Ulimwashia?"

Nikasema, mzee, kulikuwa na vumbi.

"Vumbi ndilo lililotufanya tuwashe," akasema.

Nilitamani anipige. Alivua kofia yake, akajifuta macho nayo. Kisha akaniambia nisimweleze mjane siku ile, maana mzigo alionao unamtosha, lakini nisithubutu kufa bila kumweleza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Salamu zangu aliziitikia zote, ila hakuniita tena mwanangu.

Kwa Skolastika nilikwenda mwaka wa tatu. Mara ngapi nilifika kwenye njia ya kwake nikageuka, usiniulize. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, nikamweleza nikiwa nimesimama, tangu ile shikamoo ya utani mpaka mkono wangu nilipouondoa kwenye swichi. Vidole vyake vikatulia juu ya ungo.

"Kumbe alikuwa anakusubiri," akasema.

Akaendelea kuchambua. Msamaha nilishindwa kuuomba, naye hakuutaja. Nilimlimia shamba lake kila msimu mpaka watoto wake wakapata nguvu, na habari ile hatukuigusa tena.

Basi yule wa Laela hakukutukana, mwanangu. Alikuwa anakurudisha. Siku hizi kuna lami, vioo ni vikubwa, na wapo kweli wanaowasha kwa hasira, sikatai. Wewe ukiwashiwa, shukuru kwa indiketa, uende zako. Na ukipitwa, mwashie aliyekupita. Mwashie hata kama ana gari zuri kuliko lako, hata kama amekucheka dirishani. Kama una ugomvi naye, ungoje mfike, mgombane mkiwa wazima wote wawili. Usimwache mtu upande wa kifo kwa sababu amekutangulia. Haya utayakuta barabarani, na utayakuta kazini, na siku nyingine utayakuta ndani ya nyumba yako mwenyewe, na kote huko anayeona mkia wa mwenzake ni yule aliyebaki nyuma. Mimi niliona, nikanyamaza kwa sekunde chache tu, na nimezeeka nazo.

Haya, chukua ufunguo wako. Mungu akushikie usukani, akuepushe na kijicho nilichokuwa nacho, akupe mkono mwepesi kwenye taa. Na kila utakapompita mtu, mwanangu, nyuma yako awepo wa kukuwashia.