Shingo ya Momose, Kiti cha Sumie

Momose Tatsuro aliilaza rula juu ya ubao kwa mara ya tatu, na rula ikamwambia yaleyale. Matundu ya daraja, pale nyuzi zinapokalia, yalikuwa yametobolewa mbele mno. Kosa lenyewe lilikuwa upana wa kidole tu, lakini kwenye ala ya nyuzi upana wa kidole ni maafa. Kila sauti ingetoka imepinda, na ala nzima ingefaa kutundikwa ukutani iwe pambo. Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi, na Jumapili mkewe alitakiwa aende nayo mazoezini.

Ala hiyo ni mandoselo, kaka mkubwa wa mandolini, ambayo ni kama gitaa dogo. Ina nyuzi nane zilizopangwa jozijozi, na sauti yake ni nzito, ya tumboni. Sumie, mkewe Momose, alianza kuipiga akiwa msichana, katika kikundi cha mandolini cha mji wetu wa Matsumoto, na katika kikundi hicho watu hawana mchezo. Ni walimu, wauguzi na wastaafu, lakini ukichelewa mazoezini utadhani umechelewa mazishi. Viti vya mandoselo ni viwili tu. Tangu masika, Sumie alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti upande wa kushoto, kiti chake kilikuwa kitupu. Ala yake ya zamani ina tumbo la mviringo kama tikiti maji, na mkono wake haukuweza tena kulizunguka.

Bi Usuda, kiongozi wa kikundi, alikuwa amepiga simu akaongea kwa adabu zote. Konseti ya vuli imekaribia, na kuna mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu anayepiga vizuri. Ikiwa Jumapili hii Sumie hatakuwepo na ala mkononi, kiti watampa huyo kijana. Wenyeji wa kwetu tunaijua adabu ya namna hiyo. Ni mlango unaofungwa polepole ili usikubane vidole.

Kwa ajili ya kiti hicho Momose alikuwa amepanga kumtengenezea mkewe mandoselo ya umeme, nyembamba, isiyo na tumbo, kwa vipuri vya gitaa. Tangu kiangazi meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa michoro yake. Funguo za kukazia nyuzi alizing'oa kwenye gitaa la nyuzi kumi na mbili, akachagua nane. Daraja nalo lilitoka hukohuko. Vinasa sauti vilitoka kwenye besi mbovu. Shingo aliichonga mwenyewe, ndefu kidogo kuliko ya gitaa la kawaida, kwa sababu uzi mnene wa chini ukiwekwa kwenye shingo fupi hulegea na kukoroma. Nayo shingo ilikuwa nzuri! Momose alichonga shingo za magitaa kiwandani tangu nywele zikiwa nyeusi mpaka alipostaafu, na ukiipitishia kiganja shingo yake huwezi kujua kiganja kinaishia wapi na mti unaanzia wapi.

Ila alikuwa hajawahi kutengeneza gitaa zima. Kiwandani mtu wa shingo ni mtu wa shingo, na mtu wa kiwiliwili ni mtu wa kiwiliwili. Huingizi pua kwenye meza ya mwenzako, hasa akiwa amekutangulia kazini. Kwa hiyo kazi ya kiwiliwili, ule ubao wenyewe wa ala, alimpelekea Aoyagi, mkubwa wake wa zamani, pamoja na ile shingo, akainama na kusema, "Naomba unisaidie, kaka." Mchoro aliuacha nyumbani. Kumpa Aoyagi mchoro kungekuwa kama kumwambia hajui kazi yake. Naye Aoyagi akatoboa matundu pale alipoyatoboa maisha yake yote.

Sasa Momose alikuwa na njia mbili. Akae kimya, aizibe aibu hiyo mwenyewe na kuharibu kazi ya mkubwa wake kwa siri, au aende akaseme. Alikunywa chai ikiwa imepoa bila kuonja kitu. Kisha akapiga moyo konde, akakifunga kiwiliwili kwenye kitambaa, akapanda baiskeli.

Aoyagi alikuwa bandani kwake, amevaa aproni ileile ya kiwandani, anapiga msasa kiti cha mjukuu. Alipoona kitambaa uso wake ukabadilika.

"Kimerudi mapema hivi?" akasema. "Au umekuja kunionyesha kinavyolia?"

Momose akainama mpaka mgongo ukaalika. "Kaka Aoyagi, kosa ni langu. Shingo niliyokuletea ni ndefu kuliko kawaida. Ilibidi daraja lirudi nyuma. Nilikuwa na mchoro, sikukupa. Nisamehe."

Aoyagi aliendelea kusugua kiti hata pale palipokuwa laini. Kwa miaka yote ya kufahamiana kwao hakuwahi kumwambia mtu huyu kwamba kazi yake ina kasoro.

"Nilijua," Aoyagi akasema hatimaye.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni ndefu. Unadhani mimi kipofu? Niliipima siku ileile."

"Sasa mbona ukatoboa pale?"

"Hukuniambia kitu!" Aoyagi akautupa msasa chini. "Nikajiuliza, Momose ana maana gani? Labda ana hesabu zake. Labda daraja atalikata. Nikuulize? Nikuulize wewe, fundi wa shingo, kama umekosea shingo? Ungenionaje?"

"Ningekushukuru, mzee wewe!"

"Uongo. Ungenuna mpaka mwaka mpya."

Ni kweli, Momose angenuna. Wakatazamana, wazee wawili wenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na hasira ikawaishia njiani kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuielekezea.

"Matundu tunaziba kwa vijiti vya mti huuhuu," Aoyagi akasema kwa sauti ya chini. "Kesho gundi imekauka, natoboa upya. Safari hii niletee huo mchoro wako. Na Jumapili mkeo atapiga."

Momose alirudi nyumbani akikanyaga baiskeli kama kijana. Sumie alikuwa jikoni anakata mboga za nozawana zilizochachushwa, na Momose akamsimulia yote akiwa bado amesimama mlangoni, huku anacheka peke yake.

"Fikiria, Mama! Yeye alijua, mimi nilijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Wajinga wawili!"

Sumie hakucheka. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye taulo, kidole kimojakimoja.

"Baba, keti."

"Nini?"

"Keti kwanza." Akavuta pumzi. "Ule mkanda wa kuishikia. Kwenye mchoro wako unapita begani kushoto."

"Ndiyo. Ili mkono usibebe uzito."

"Siwezi kuvaa mkanda upande huo. Hata kamba ya mkoba siwezi. Nikiivaa hapa panawaka moto. Na lile bao la kiwiliwili ni zito. Nililijaribu siku ulipokwenda kununua nyuzi. Nililia, nikalirudisha mahali pake."

Momose akaketi. Miezi yote hiyo! Alipima unene wa nyuzi, akapima nafasi kati ya jozi na jozi, akapima mpaka upana wa vidole vya mkewe alipokuwa ameshika kikombe. Begani hakupima.

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu mchoro wa kwanza."

"Na ukanyamaza? Sumie! Kiti chako kinakwenda keshokutwa, na wewe umenyamaza?"

"Ulikuwa na furaha!" Sauti yake ikapasuka. "Tangu ustaafu ulikuwa unakaa hapo dirishani kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Halafu ghafla unaamka asubuhi unapiga mluzi. Niseme nini? Niseme Baba, kazi yako hainifai? Nikasema nitajikaza. Nitavumilia konseti moja."

"Nani alikwambia uvumilie?"

"Nani aliniuliza?"

Momose alitaka kukasirika, na hasira akaipata, ila ilikuwa inamrudia yeye mwenyewe. Tangu mkewe arudi kutoka hospitali alikuwa akimwachia maji ya kuoga yakiwa moto, akimfulia, akimwashia hita chumbani, akitoka kila mara mkewe anapobadilisha nguo. Aliona ni heshima. Huenda ilikuwa woga.

Sumie ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwenye simu, akabonyeza namba, na Momose akamsikia anasema maneno ambayo hajawahi kusikia yakisemwa kwenye simu ile.

"Bi Usuda, Jumapili sitaweza. Mkono unaniuma, na ala bado haijanifaa. Lakini sijaacha. Kiti changu nakitaka."

Akasikiliza. Ikachukua muda mrefu. Aliporudi mezani macho yalikuwa mekundu.

"Konseti ya vuli amepewa yule kijana. Programu zinakwenda kuchapwa." Akaketi. "Ameniuliza mbona sikusema tangu kiangazi. Wangepanga nyimbo nyepesi, wangenisubiri. Amesema niende baada ya konseti, wanisikilize."

"Kwa hiyo tumekosa."

"Hii tumeikosa, ndiyo."

Waliketi hivyo, na konseti ikawauma wote wawili kama msiba. Sumie hakuwa amekosa konseti ya vuli hata mwaka aliojifungua.

Baadaye Momose akaiviringisha michoro yake yote akaiweka sakafuni. Akatandaza karatasi mpya, nyeupe kabisa, na penseli akaisukuma upande wa mkewe.

"Mimi sijui pa kuanzia," akasema. "Niambie. Inauma wapi?"

Sumie akafungua vifungo vya blauzi, akaiteremsha begani, akamwonyesha. Kovu lilianzia kwapani likakatiza kifua mpaka karibu na mfupa wa katikati, na Momose, aliyelala pembeni yake kila usiku tangu masika, alikuwa analiona kwa mara ya kwanza.

Sumie aliuchukua mkono wa mumewe, ule mkono wa fundi wenye ngozi ngumu, akauweka juu ya kovu.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa ukigusa sisikii kitu."

Momose hakuutoa mkono.

"Pole," akasema. "Endelea."