Dawa Zote za Gari ya Muzee, Kutoka Ngezi Mpaka Mahagi

Kama unataka kujua Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, iko na mafundi wangapi, usipoteze muda kuzunguka magaraji. Fungua tu kapo, yaani boneti, ya gari ya zamani mbele ya nyumba yako, halafu ungoje. Mimi nilifungua ya baba yetu siku ya Ijumaa, na chai yangu haijapoa bado, tayari nilikuwa na mkutano mzima.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mama yetu alifariki mwaka uliopita, akazikwa kwao Mahagi, na misa ya kumaliza matanga ilipangwa Jumapili asubuhi. Baba yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Muzee, macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Alikataa katakata kupanda gari ya mtu mwingine. "Nilimutoa kule mu hii gari, yeye na gauni yake nyeupe," alisema. "Nitarudi kumuaga nayo, ao mwende ninyi peke yenu."

Gari yenyewe imenizidi umri. Ilitengenezwa wakati esansi, yaani mafuta ya gari, ilikuwa bado inatiwa madini ya risasi, na supapi zake, zile vali za injini, zilizoea ile risasi kama Muzee alivyozoea tumbako. Siku hizi risasi imeondolewa kwenye esansi, eti kwa afya yetu, asante sana. Tukabaki na swali moja: tuinyweshe nini ipande vilima vya Djugu bila kutuacha njiani?

Majibu hayakukosekana. Jirani wa kushoto alileta naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kabatini, akaapa vinaipa esansi nguvu. Wa kulia alishauri petroli ya taa, kidogo tu. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye maishani mwake hajamiliki hata baiskeli, alituambia tuongeze kikombe cha mafuta ya pikipiki. Penye wengi hapaharibiki neno, ni kweli, lakini motere inaharibika. Mwisho akaja mdogo wangu Dieudo na kopo jekundu kutoka soko la Ariwara, lenye maandishi ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyasoma.

"Yaya, hii njo dawa ya kweli," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Inarudisha ile risasi."

"Umejuaje?"

"Muuzaji aliapa."

Basi. Kama muuzaji wa Ariwara ameapa, mimi ni nani?

Muzee, kwenye kiti chake, alisikiliza wote, kisha akatoa hukumu. "Hii motere haijakunywa dawa hata siku moja. Inakunywa esansi. Ikuwe safi, na maji isiingie. Maji njo muchawi wa motere." Mkutano ukavunjika, kila mtu akiwa amechukia kidogo.

Jumamosi asubuhi, mtaa wa Lumumba. Tulisimama kwa Mama Neema, kadafi wetu, yaani muuzaji wa esansi ya kando ya barabara. Ni mtu wa Butembo, na kwa biashara hawezi kudanganywa hata na malaika. Esansi anaipanga mezani ndani ya chupa nyeupe za kuona ndani, ili mteja aone rangi. Muzee haoni rangi, kwa hiyo alinusa chupa moja baada ya nyingine, taratibu, wateja wengine wakingoja nyuma yake.

"Hii mumechanganya petroli ya taa."

"Eh, Papa! Unanitukana asubuhi hivi?"

"Sijakutukana, mama. Nimenusa."

Mama Neema alicheka mpaka akashika meza, akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na bidoni, dumu zima. Hiyo Muzee aliikubali. Tuliichuja kwa kitambaa, na mimi nikaongeza kifuniko kimoja cha dawa ya Dieudo, maana Mama hayupo tena wa kumbembeleza akinuna. Kabla ya kuondoka Muzee aliomba tumwache kidogo asali. Tulienda kununua mikate. Tuliporudi alikuwa amesimama nyuma ya gari, anaipapasa mgongo kama ng'ombe wa maziwa.

Zamani ni Mama aliyekuwa anabariki safari. Kila Pasaka alikuwa anajaza chupa ya maji ya baraka kanisani, na kabla gari haijatoka ananyunyiza kapo. Safari hii hakuna aliyenyunyiza, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Iga-Barrière. Motere ilikuwa inaimba. Askari wa bariere, kile kizuizi cha barabara, badala ya kutuomba hela ya kahawa kama kawaida yake, alizunguka gari na kuuliza kama bado inauzwa dukani. Dieudo akanigusa bega. "Unaona ile dawa?" Nilikuwa ninaona, na nilikuwa pia ninasikia, maana alirudia jambo hilo mpaka Fataki.

Baada ya Fataki, kwenye mpando. Motere ilikohoa. Ikakohoa tena, ikatetemeka, ikazima katikati ya kilima, na malori tuliyokuwa tunatembea nayo kwa usalama yakatupita moja baada ya jingine yakipiga honi za pole. Bariere ya mbele inafungwa jua likizama. Ukikosa, unalala ulipo, na padri wa Mahagi hangoji mtu, hata mjane.

Mfanyabiashara mmoja wa kwetu alisimamisha jeep yake. "Papa, panda. Nafasi iko. Kesho asubuhi utakuwa kanisani."

Muzee aliweka kofia yake magotini, akaangalia mbele kama vile gari bado inatembea. "Aksanti, mwanangu. Niko na gari."

Jeep iliondoka. Mimi sasa nilikuwa ninatoka moshi kuliko motere. Nilimwambia Dieudo ale kopo lake pamoja na maandishi yake. Yeye akasema ni Mama Neema, watu wa biashara ndivyo walivyo, wangeuza hata mkojo wa mbuzi wakiutia rangi. Nikamwacha anahubiri, nikafungua karbirateri, kabureta ya motere, na kuimwaga ndani ya chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Nikaiinua kwenye jua. Juu esansi, njano. Chini maji, safi kabisa.

"Maji!" Dieudo alipiga makelele. "Nilisema! Yule mama, nikifika Bunia…"

"Musimulaumu yule mama," Muzee alisema ndani ya gari.

Tukamgeukia wote wawili.

"Ni maji ya mama yenu. Ile chupa yake ya mwisho. Nimetia yote mu tangi."

"Papa!" nilisema. "Weye mwenyewe? Si ulisema maji njo muchawi? Mama alikuwa ananyunyiza kapo tu!"

"Kwa kapo inakauka hata Iga hatujafika," alijibu polepole. "Nilitaka ifike."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumgombeza, na nikajikuta ninalia nimeshika spana. Kumbe sisi wote tulikuwa tunabishana juu ya dawa ya kufikisha gari. Yeye alikuwa na mzigo wa kumfikishia Mama.

Tulilala chini ya gari, mimi na Dieudo, tukamwaga tangi mpaka ikaanza kutoka esansi tupu, tukairudisha juu kupitia kitambaa changu cha kichwa, kipya. Yale maji ya chini tuliyatenga ndani ya chupa, na Muzee akaishika kwa mikono miwili njia yote. Tulifika bariere askari ameshashika kamba.

Mahagi. Baba mdogo alitupokea na ugali na samaki wa ziwa, akauliza tumekawia wapi.

"Tulinywesha gari maji ya baraka."

"Na ikafika?"

"Ikafika."

"Sasa munalalamika nini? Muoge mukule."

Jumapili, baada ya misa, tulienda kaburini. Muzee alinyunyiza yale maji yote, hakubakiza tone. Yalinuka esansi mpaka padri akapiga chafya, na mimi nilikuwa nimeshapita mbele kuzima mishumaa, maana baraka ni baraka lakini moto hauna dini. Muzee alisema kwa Kialuri maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha akacheka peke yake.

Jumatatu tulirudi Bunia, na gari haikukohoa hata mara moja. Ngezi walitungojea mlangoni. Wa naftalini alidai alitumbukiza kidonge kimoja kwa siri. Mwalimu wa hesabu alisema ni vile tulifuata ushauri wake. Dieudo anaagiza makopo mengine Ariwara, sasa yeye mwenyewe ndiye anayeapa.

Mimi nilichojifunza ni hiki: esansi chagua kwa pua ya mzee, dawa weka kifuniko kimoja kwa ajili ya amani ya nyumba, na tangi funga kwa ufunguo. Ufunguo ninaubeba mimi. Pasaka hii nilijaza chupa ya Mama kanisani, na kabla ya safari ninaimimina kwenye radiatere, rejeta ya kupoza motere, ambako maji hayamdhuru mtu.

"Kule itafika?" Muzee aliuliza mara ya kwanza.

"Itafika, Papa," nilimwambia. "Tena ya moto."