Mlango Uliolaliwa

Nyumba yetu hapa Rumonge ina masikio. Ikisikia nimenunua kitu cha kuitengenezea, inatafuta mtu wa familia wa kumwangusha. Nilipoleta mabati, mdogo wetu wa kike akashikwa na homa ya matumbo. Nilipoleta sima, saruji ya kupiga sakafu, shangazi akafariki Nyanza-Lac, tukakaa matangani, na tuliporudi unyevu wa ziwa ulikuwa umemaliza kazi ya fundi: mfuko mzima ulikuwa jiwe. Tukauweka mbele ya nyumba uwe ngazi. Ni ngazi imara sana, na ina maandishi ya kiwandani.

Wazazi walituachia nyumba hiyo sisi watatu. Mimi ndiye mkubwa, dada yao, kwa hiyo nilipewa heshima ya kuacha shule mapema na kuuza mawese sokoni ili wengine wasome. Wadogo zangu, wa kiume na wa kike, huniita yaya, maana pwani hii ndivyo anavyoitwa ndugu mkubwa. Nasikia ng'ambo ya mpaka yaya ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto wa wenzake. Hawajakosea sana, ila huyo wao analipwa.

Baba mdogo naye alitusaidia mno, kwa ushauri. Paa lilipokuwa linavuja, alisema "nyumba yenu". Tangu mabati mapya yapande, anasema "nyumba ya ukoo".

Baada ya paa nikageukia mlango wa mbele. Wa zamani mchwa walikuwa wameula hadi bawaba. Fundi alipoutoa ili apime, ulimkatikia mikononi, tukaupikia maharage. Mpya niliagiza wa libuyu, mbao ngumu inayovuka ziwa kutoka Congo, mpana, mzito, umepigwa randa mpaka unateleza. Uliletwa asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo, mdogo wangu wa kiume alianguka kutoka juu ya mchikichi huko Gatete, alikokwenda kukata mikungu. Nyumba ilikuwa imesikia.

Hospitalini walisema uti wa mgongo una ufa lakini haukukatika. Alale chali juu ya kitu kigumu, kilichonyooka, wiki nyingi, na godoro la sponji asiliguse. Nikaangalia nyumbani kwetu kitu kilichonyooka. Vitanda vyetu vyote vimebonyea katikati kama mitumbwi, na sakafu inapandisha unyevu. Kilichonyooka kilikuwa kimoja tu, kimeegemea ukuta, kinanukia vanishi. Tukakipandisha juu ya matofali sebuleni, tukatandika shuka mbili, tukamlaza. Mahali pa mlango nikatundika kitenge, na usiku tukawa tunasukuma kabati.

"Yaya," akasema akiwa chali, "ukitaka kuongea na mimi, piga hodi kwanza."

Hapo ndipo wakwe watarajiwa wakaleta habari kwamba Jumapili watakuja kumposa mdogo wetu wa kike. Mwaka mzima walikuwa wanasitasita, siku tulipotundika kitenge ndipo wakapata haraka.

Baba mdogo alifika kabla yao, Ijumaa, amevaa kanzu mpya. Akasimama karibu na pazia, akalishika kwa vidole viwili.

"Mutaaibisha ukoo. Wageni watapiga hodi kwenye nguo? Mumuhamishe mugonjwa chumba cha nyuma, mlango upachikwe, mimi nitakaa pale mbele niwapokee."

Alikuwa amefikiria vizuri. Kwa dini yetu, baba na babu wakiwa hawapo, kaka wa msichana ndiye walii wake, ndiye mwenye kumwoza. Baba mdogo anakuja nyuma. Lakini kaka akifichwa chumba cha nyuma, juu ya sponji, nani atakumbuka kwamba yupo? Na anayemtoa binti mbele ya wazee leo, kesho atakuwa ndiye mwenye nyumba alimotokea, na wazee haohao watakuwa mashahidi wake.

"Baba mudogo, mimi niko hapa," akasema mdogo wangu. "Nimelala tu, sikufa."

"Walii hawezi kuongea akiwa chali."

"Kwani mahari inapokelewa na mugongo?"

Mposwa mwenyewe akanivuta jikoni, machozi tayari. "Yaya, siku moja tu. Tumutoe kidogo, wakiondoka tumurudishe. Watasema walitoa mutoto wa watu kwenye banda."

Huyo ndiye aliyenipa shida. Baba mdogo ningeweza kumjibu mpaka jua lizame. Nilimtazama mdogo wangu wa kike, nikamtazama yule mwingine kule sebuleni, aliyekuwa akijifanya hasikii, ameuma meno kwa maumivu, maana alikuwa amecheka utani wake mwenyewe na mgongo ukamjibu.

"Mlango hautoki," nikasema. "Wakikuacha kwa sababu ya mbao, tutajua walikuja kuoa mbao."

Alilia, halafu akaenda kuchambua mchele, kwa hasira, kila punje.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, wakaja. Mshenga wao alikuwa mzee muuza vitambaa, ulimi wake unajulikana mji mzima. Akapanda ngazi yetu ya sima, akasimama mbele ya kitenge.

"Hodi! Jamani, tugonge wapi?"

Kutoka ndani, mdogo wangu akagonga ubao aliolalia. Ko, ko, ko. "Huku, mzee! Mlango umepumzika kidogo."

Wageni wakaingia wanacheka, bwana harusi nyuma yao, wakakaa kumzunguka mgonjwa. Baba mdogo alikuwa amekalia kiti kikubwa. Akaanza hotuba juu ya ukoo, akaenda mbali mpaka mshenga akakohoa.

"Murakoze, asante, mzee. Sasa tuombe kwa nani?"

"Kwangu."

"Walii ni mimi," akasema mdogo wangu, macho yake kwenye dari. "Mutanisamehe kutosimama. Na mudomo wangu leo ni yaya. Yeye alitulea, muombe kwake."

"Kwa mwanamuke?" Baba mdogo akainuka nusu.

"Mwenye haki amesema," mshenga akamjibu kwa upole. Akainua kiti chake, akakigeuza mpaka magoti yake yakanielekea mimi. "Mama wa nyumba hii, tumekuja kwako."

Tangu Ijumaa nilikuwa nimejiandalia majibu makali, na yote yalikuwa mazuri. Nikayaacha yote. Mikono yangu ilinuka mawese, nikaificha chini ya mtandio.

"Karibuni," nikasema. "Binti tutawapa. Lakini harusi itangoja mpaka huyu aweze kukaa msikitini bila kushikwa."

Wazee wakaguna. Wa kwanza kutikisa kichwa kwamba amekubali alikuwa bwana harusi mwenyewe.

"Hilo ndilo neno la mwisho?" akauliza mshenga.

Nikamwambia ndilo.