Mgeni Chini ya Kiota

Wanaosema nilikuwa na homa siku ile waje wanipime hata sasa. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na ulikuwa mchana mweupe, jua la Rumonge likichoma mabati. Niliyoyaona niliyaona.

Nina mapacha, Bukuru na mdogo wake Butoyi. Wakati huo ndiyo kwanza wanajifunza kutembea. Mbayuwayu alijenga kiota cha udongo chini ya paa la baraza letu, kinyesi kikawa kinadondokea mkeka wangu. Nilitaka kukibomoa, mume wangu akakataa: ndege akijenga kwako ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Haya. Basi kila mchana wanangu walikaa pale chini wakitazama juu. Mama ndege akija, makinda wanapanua midomo, na wanangu wanapanua yao. Tulicheka sana. Nani asingecheka?

Siku hiyo nilikuwa barazani nachagua mchele. Akaingia mwanamke nisiyemjua, amejitanda kitenge cheusi, mkononi ana ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndani ya jani la mgomba.

"Amahoro, mama."

"Amahoro. Karibu."

Akaketi mkekani katikati ya watoto bila kuonyeshwa pa kukaa. Ananuka kama banda la kuku lililonyeshewa. Nikajisemea, labda ametoka mbali, huenda Kigwena, kwa miguu. Mtu hafukuzwi kwa harufu.

"Hawa batoto iko na njaa," akasema, macho kwenye kiota. "Mama yao iko wapi?"

"Mama yao ni mimi."

Akapinda kichwa upande, akanitazama kwa jicho moja. "Huyu mudogo hakuna mutu anamulisha."

Damu ilinichemka. Ningemtoa pale pale, lakini alichukua ndagala akatia kinywani mwake kwanza. Kwetu anayekupa chakula au kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakina sumu. Na bibi zetu walikuwa wakiwatafunia watoto, si jambo geni. Kwa hiyo nilipomwona anatafuna, moyo ulitulia nikarudi kwenye mchele wangu. Koo lake sikulitazama.

Hakumeza. Nilipoinua macho alikuwa amemwinamia Butoyi, na Butoyi amepanua mdomo kama wale makinda. Koo la yule mwanamke likavimba, likasukuma, likavimba tena. Kisha, niamini, akamtapikia mwanangu ndani ya mdomo.

Nilimnyakua mtoto, nikaingiza kidole mpaka kooni. Unadhani nilitoa ndagala? Nilitoa mabawa ya nzi na miguu ya panzi, vimeshikana kwa ute wa kijani, vingine bado vinatikisika. Bukuru alikuwa analia. Butoyi hakulia. Alinyonya kidole changu, akitafuta kilichobaki.

"Toka kwangu," nikamwambia yule mwanamke.

"Ameisha kuzoea," akajibu taratibu.

Nikakimbilia mtungi kumsafisha mtoto. Niliporudi hayupo. Mume wangu alikuwa langoni anapiga randa mbao, akaapa hakuna mtu aliyepita. Nikamwonyesha mkeka. Pale alipokuwa ameketi palikuwa na kinyesi cheupe, kibichi, kipana kama sahani ya wali.

Yeye mwenyewe, aliyesema mgeni hafukuzwi, alichukua ngazi akakishusha kile kiota. Makinda walikuwa wamekufa. Walikuwa wamejazwa ndagala, mikia ya samaki imetokeza midomoni. Nilitapika hapo hapo uani, na sioni haya kusema.

Tulikwenda dispansari, tukaombewa kanisani. Butoyi sasa anakimbia, anaongea, ana nguvu kumshinda ndugu yake. Lakini chakula cha sahani hakigusi. Ugali, maharage, hata mkate wenye sukari, lazima nimtafunie kwanza, nimwekee mdomoni kwa mdomo wangu. Nimejaribu kumwacha na njaa, akakonda mpaka nikaogopa. Kwa hiyo namtafunia, kila siku. Naye anapanua mdomo akingoja. Wala hanitazami mimi. Anatazama juu, kwenye lile doa la udongo lililobaki pale paani.

Wewe mwenye watoto wadogo, nisikilize. Mgeni akimletea mwanao chakula akakionja mbele yako, usiridhike. Weka kazi yako chini, mtazame koo, subiri umwone akimeza.