Wachezaji Kumi na Wanane wa Baba Maryann

Katika watu wote ambao Protas amewahi kuwachagua, mimi ndiye kosa lake kubwa kuliko yote. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Kompyuta ilithibitisha, mbele ya watu kumi na watatu, kwenye mkahawa wa Myemeni kule Balad, mjini Jeddah, nami andazi likiwa bado mdomoni.

Protas ni dereva. Mwaka wa kumi na mbili huu anaendesha gari la familia moja mtaa wa Ruwais: watoto shuleni, madam sokoni, nyanya yao hospitalini. Sisi humwita Baba Maryann, kwa jina la binti yake aliye Busia. Siku sita ni za bosi. Ijumaa, kuanzia alasiri, ni yake mwenyewe, naye huimaliza yote kwenye timu yetu, Ruwais Stars. Hachezi, maana goti lake lilishachakaa. Kazi yake ni kuchagua.

Kuchagua kwenyewe kuna desturi yake. Zamani timu sita za Waafrika Mashariki hapa Jeddah zilinyang'anyana wachezaji mpaka watu wakatupiana viti. Ndipo ikakubaliwa kwamba kila Oktoba, joto likianza kupungua, wageni wote wapya wacheze nusu saa huku tukiwatazama, kisha kila timu ichague mmoja mmoja kwa zamu, mizunguko miwili. Iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo huanza. Protas ametuchagulia tangu 2015. Ukiondoa mwaka wa korona, ni miaka tisa na watu kumi na wanane. Kombe hata moja hatujaligusa.

Msimu uliopita tulishika mkia. Katibu wetu, Kemunto, ni muuguzi na hapendi mambo ya kubahatisha. Aliketi na kompyuta yake akampa kila mmoja wa wale kumi na wanane alama, kwa mabao na kwa kuangalia ni nani aliachwa ili yeye achukuliwe. Kisha akaita mkutano, tupige kura: Baba Maryann aendelee kuchagua, au kazi apewe Evans, kipa wetu.

Protas alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikononi. Alikuwa na hofu, na hakuificha vizuri. Mtu anayeambiwa "yalla, yalla", haraka haraka, wiki nzima, hapa Jeddah hakuwa na mahali pengine, ila kwenye uchaguzi huo, ambapo watu walinyamaza wakimngoja aseme yeye.

Kemunto alianza na Mike. Mike alichaguliwa 2016, akafunga mabao manne mechi ya kwanza, tukambeba mabegani. Jumanne iliyofuata kafili wake, mwajiri anayemdhamini, akamhamishia Riyadh. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za kazi yake. Tangu siku hiyo Protas hakuangalia tena miguu ya mtu kabla ya kuuliza maswali matatu: Ijumaa unapewa? Ikama, kibali chako cha kuishi huku, imebakiza muda gani? Bosi wako ni mtu wa kuhamahama?

Ndivyo nilivyopatikana mimi, 2021. Mimi ni fundi wa AC, Ijumaa ni yangu, ikama ilikuwa mpya kabisa, na bosi wangu hata Makka huenda kwa shingo upande. Miguu yangu Protas hakuiuliza. Zamu yetu ilipofika, Lewis alikuwa bado amesimama pale, kijana wa Kakamega aliyekuwa ametoka kuwapiga chenga mabeki watatu machoni petu. Protas akasema, "Josphat." Watu wa timu ya Balad walicheka, kisha wakamchukua Lewis.

"Lewis, mabao kumi na tisa," Kemunto alisoma. "Josphat, miaka minne, bao moja."

"Na hilo moja alijifunga," Evans akaongezea.

Hapo nilimeza andazi nikasimama. Nilikuwa nimekasirika, nusu kwa ajili ya Protas, nusu kwa ajili yangu. "Sista, hesabu yako imeruka kitu. Lewis alicheza mechi saba, halas, basi, akapelekwa Riyadh. Mechi ya mwisho Balad waliingia wakiwa wanane, maana na wengine wao walinyimwa Ijumaa. Sisi tangu huyu mzee aanze maswali yake, tumewahi kuingia pungufu? Hata siku moja?"

"Hatujawahi," Kemunto alikubali. "Tumefungwa tukiwa kumi na mmoja kamili. Na kombe la mwaka huo lilichukuliwa na hao Balad, kwa mabao ya Lewis."

Watu wakacheka, hata mimi. Kemunto hakucheka. Alimgeukia Protas, akamuuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mgonjwa panapouma: "Baba Maryann, ukirudishiwa 2021, utamchukua nani? Lewis ama Josphat?"

Nilimwangalia. Ndiyo kwanza nimetoka kumtetea. Niliona anavyotafuta pa kuweka mikono yake.

"Lewis," alisema. "Pole sana, Josphat. Niliogopa kwa sababu ya Mike. Nilimwona Lewis, nikajua, na bado nikaogopa. Si yeye peke yake, Sista. Weka na wengine watano hapo, nitakutajia majina."

Akawataja, mmoja mmoja, na walioachwa kwa ajili yao. Iliniuma, sitadanganya. Nimecheza miaka minne nikidhani kuna kitu alikiona kwangu. Lakini nilipomsikiliza akijihesabia makosa mengi kuliko hata kompyuta ilivyoyahesabu, nikajua kwamba ningekuwa na timu yangu mwenyewe, ningetaka achague mtu kama huyu. Kemunto alipoita kura, mkono wa kwanza hewani ulikuwa wangu. Protas akabaki, kwa kura saba dhidi ya sita.

Oktoba ikafika, na zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Bora kuliko wageni wote alikuwa Timothy, mpishi wa familia moja ambayo nusu ya mwezi iko Jeddah, nusu Riyadh. Kwa maswali yale matatu, angeanguka yote. Protas alisimama akikuna goti, kisha akasema, "Timothy."

Ila hakuishia hapo. Jioni ya Jumapili, baada ya kumshusha madam, alienda mwenyewe kwa bosi wa Timothy, akasimama mlangoni kumwombea Ijumaa. Mzee yule aliuliza kama kweli huyo mpishi wake anajua mpira, akacheka, akakubali: familia ikiwa Jeddah, Timothy atoke, bora chakula cha mchana kiwe kimeliwa na vyombo vimeoshwa.

Anayejua chakula cha mchana cha Ijumaa katika nyumba za huku, na wageni wake wasioondoka mapema, anajua kilichotokea. Mechi ya kwanza, saa ya kuanza ilifika na Timothy hayuko. Protas akanitazama. Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu. Nilicheza mbele, mahali ambapo sijawahi kucheza, nikakimbia kama mwizi, na mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa moja tu.

Timothy alitokea kipindi cha pili kimeanza, ananukia kitunguu. Nikatoka, akaingia, akafunga mawili. Tukawashinda Balad wale wale, ambao hatukuwa tumewafunga tangu 2019.

Nilikuwa benchi kando ya Protas, tunapiga kelele kama vichaa. Alipopata pumzi aliniinamia. "Sasa umeona kwa nini nilikuchagua?"

"Nimeona. Na ukirudishiwa 2021?"

"Lewis," alijibu papo hapo, akanisogezea chupa ya maji.