Tofauti ya Unywele Mmoja

Sijawahi kumheshimu mtu anayesema "karibu sawa". Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha majani chai kwa miaka mingi, na kila beringi niliyoitoa ikiwa imeungua ilikuwa imewekwa na mtu wa karibu sawa. Sawa ni sawa. Karibu sawa ni ubovu uliovaa tai.

Nilipostaafu nilinunua lethi kuukuu, ile mashine ya kukereza vyuma, iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana moja huko Kipkelion, kuku wakilala juu yake. Niliifungua yote, nikaiosha kwa dizeli, nikabadilisha beringi, nikaiunga upya katika kibanda changu hapa Sosiot. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama inasaga mahindi.

Kazi iliyoisubiri ilikuwa moja tu. Shafti inayozungusha visu vya mashine yetu ya kukatia ng'ombe majani ilikuwa imelika, kwa hiyo mke wangu alikuwa akikata majani ya nepia kwa panga, asubuhi na jioni, ng'ombe watatu, na bega lake la kulia ni bovu tangu miaka ile ya kuchuma chai. Mafundi wa mjini wangeikereza shafti hiyo kwa siku moja. Lakini nimpelekee mtu mwingine shafti, mimi mwenye lethi yangu nyumbani? Thubutu! Nilimwambia avumilie wiki moja.

Lethi ikanigomea. Nilikereza kipande cha majaribio, nikakipima kwa maikromita mwanzo na mwisho. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine kwa kiasi cha unywele. Kwa mtu wa kuchomelea mageti hiyo si kitu. Kwa beringi ni kifo: ya upande huu inabana, ya upande ule inacheza, na kabla mwezi haujaisha zote mbili umezitupa.

Nilijua kosa liko wapi, maana mimi nilijua kila kitu. Kichwa cha mashine, kile kinachoshika chuma na kukizungusha, kilikuwa hakitazami mbele sawasawa. Nikakata vipande vyembamba vya kopo la soda, nikavipachika chini yake kimoja kimoja, nikikaza na kupima, nikilegeza na kukaza tena. Jumatatu nikapata sawa kabisa. Nikaitisha chai, nikajisifu mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye akili ya kunisifu. Ijumaa nikajaribu tena kabla ya kugusa shafti yenyewe. Unene ulikuwa umehamia upande wa pili.

Nikatoa vipande, nikaweka vingine. Nikalaumu beringi mpya. Nikawalaumu vijana wanaofundisha ufundi kwenye simu wakiwa na kucha safi. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata hiyo pia.

Siku moja fundi wa kuchomelea pale sokoni akaja kuazima spana. Huyu ni mtu ambaye geti lake la mwisho hufungwa kwa kamba ya katani. Aliitazama lethi, akaweka kiganja juu ya meza iliyoibeba.

"Mzee, hii mashine haina shida," akasema. "Ni meza inatembea. Wacha nikuchomelee stendi ya chuma."

"Chomelea kwanza geti lako lijue kufunga," nikamwambia.

Akachukua spana, akasema "sawa mzee," akaenda zake. Hata hiyo sawa yake niliidharau.

Meza ile niliiunda mwenyewe kwa mkaratusi niliokata shambani kwangu. Mbao zake ni nene, ng'ombe angeweza kusimama juu yake. Siku ya kwanza niliipima kwa pima maji, povu likatulia katikati, basi nikaona nimemaliza. Watu wa kiwandani ndivyo tulivyo. Huko msingi ni zege, ukishaupima mara moja huupimi tena mpaka ustaafu.

Wiki moja niliyoahidi ikawa ya sita. Mke wangu akaniletea chai kibandani, kikombe kikiwa mkono wa kushoto. Alisimama akiangalia ubavu wa meza.

"Baba watoto, hii meza si ni ile mti ya mlango ya jikoni?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi si itakuwa imepinda kama hiyo mlango. Ulikata ikiwa mbichi."

"Mlango ni mlango," nikasema. "Hii ni mashine."

Akaweka kikombe, akarudi kwenye panga lake. Nikalisikia likigonga gogo, taratibu, likipumzika kila baada ya mara tatu.

Nilichukua pima maji kwa hasira tu, nimkomeshe. Nikaiweka kukingama lethi upande wa kichwa: povu katikati. Nikaiweka upande wa mkiani: povu limekimbilia pembeni. Mkaratusi ulikuwa unakauka huku ukijisokota kama nguo inayokamuliwa, na mashine nzima ilisokotwa nao. Majuma yote hayo nilikuwa nikikinyoosha kichwa kisicho na kosa. Nimewadharau watu wengi maishani, lakini siku hiyo sikupata wa kumdharau kuliko mimi mwenyewe. Hakuna mtu katika Belgut yetu nzima asiyejua kuwa mkaratusi mbichi hupinda. Hata mimi nilijua.

Nikaenda sokoni kwa yule fundi. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alitengeneza stendi kwa chesisi ya lori kuukuu, tukaifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Nikatoa vipande vyote vya kopo, nikapima huku na huku, nikakereza. Mwanzo na mwisho vilikuwa kitu kimoja. Si karibu.

Shafti ilipokamilika sikungoja hata ipoe. Niliibeba mpaka jikoni. Kwa desturi yetu mwanamume hana shughuli jikoni, chai huletewa alipo, kwa hiyo mlango ule niliutundika mwenyewe mwaka jana na sikuwahi kuusukuma tena. Nikausukuma kwa mkono. Haukusogea. Nikausukuma kwa nguvu, ukakwama sakafuni.

"Inua kwanza," mke wangu akasema kutoka ndani. "Ingiza bega chini ya hiyo mbao ya katikati, uinue, ndio usukume."

"Wewe huingia hivyo?"

"Kila siku."

Nikasimama pale na shafti yangu iliyo sawa kabisa.

"Kwa bega gani?" nikauliza.

"Ya kulia," akasema. "Ya kushoto haifiki hapo."